Uvumilivu unaandaliwa usiku: namna ya kuishi utu wema nyumbani, kazini na kwa mgonjwa

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Leo nataka tuongee kuhusu utu wema na uvumilivu ila siyo kwa namna ya mahubiri, maana mahubiri ya tunda la Roho tumeyasikia sana na wengi wetu Wagalatia 5:22 tunaitaja bila hata kufungua Biblia. Nataka tuongee vile inavyofanyika, saa ngapi, unakaa wapi, unasema nini, maana hapo ndipo mimi nilipokwama miaka na miaka.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Dar, nina watoto watatu na namuuguza mama mkwe wangu aliyepata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Wiki za mwanzo alipokuja kwetu kuna asubuhi moja nilikuwa namlisha uji, saa kumi na mbili inakaribia, mtoto wa kati haoni soksi, mdogo analia, mteja keshapiga simu mara mbili anataka gauni lake la sendoff, na mama kila nikimpa kijiko uji unarudi unamwagika kwenye shuka niliyotoka kuibadilisha. Nikamwambia kwa sauti ya juu, "Mama meza basi, mimi nina kazi!" Akaniangalia, mdomo umepinda upande mmoja, maneno yake bado mazito, akasema taratibu, "Nisamehe mwanangu, nakusumbua."

Jamani. Mtu mgonjwa ananiomba msamaha mimi kwa kosa la kuumwa.

Siku ile nilishona nalia. Na siyo kwamba nilikuwa siombi, uvumilivu nilishauomba sana, nimeufungia, nimewekewa mikono. Ila nilichokuja kuelewa baadaye ni kwamba nilikuwa naomba uje saa ile ile hasira imeshaingia ndani na kukaa kwenye kiti, wakati ulitakiwa kuandaliwa jana yake usiku. Hicho ndicho ninachotaka kukuonyesha hapa.

Kwanza tuelewane haya maneno

Neno alilotumia Paulo kwa uvumilivu kwa Kigiriki ni makrothumia, limeungwa na maneno mawili, refu na hasira, yaani mtu ambaye hasira yake ina safari ndefu kabla haijafika. Siyo mtu asiye na hasira. Hiyo ilinipa nafuu sana kwa kweli, kwa sababu nilidhani mvumilivu ni mtu aliyezaliwa baridi. Halafu kuna saburi, ile ya Warumi 5 kwamba dhiki kazi yake ni kuleta saburi, hiyo zaidi ni ya kustahimili mambo, ukame, ugonjwa, kukosa ada. Makrothumia ni ya kustahimili watu. Unaweza kuwa na saburi kubwa kabisa ya umaskini na ukakosa uvumilivu wa dakika tano kwa mtoto anayevaa viatu, mimi nilikuwa hivyo.

Na utu wema, neno lake linatoka kwenye lile lile Yesu alilosema "nira yangu ni laini". Mimi nimekulia kijijini tunalima kwa plau, nira naijua. Nira ikichongwa vibaya inamkwaruza ng'ombe shingoni, jioni ukiifungua unakuta nyama nyekundu na nzi wameshafika, na kesho yake bado anatakiwa kulima. Ikichongwa vizuri mzigo ni ule ule, shamba ni lile lile, ila shingo inabaki nzima. Basi nikaanza kujiuliza watu wanaovuta maisha pamoja na mimi shingo zao zikoje, mume wangu, wanangu, dada anayenisaidia kazi za nyumbani. Nawe jiulize hivyo hivyo, ila wasikie wenyewe watakavyokujibu, usiwajibie.

Jua saa yako ya kulipuka

Sasa tuanze kazi. Chukua daftari, lolote, hata lile la mtoto lililobaki kurasa. Kwa wiki moja kila ukimpandia mtu sauti, ukimjibu mtu mkato, ukimnunia, andika saa, andika nani, halafu andika vitu vitatu: nilikuwa nimekula? nililala saa ngapi? nilikuwa nimechelewa? Usiandike nani mwenye makosa, hiyo haitakusaidia. Andika hata kama unaona aibu, usimwonyeshe mtu.

Mimi wiki yangu ilitoka na mara tisa, na mara sita kati ya hizo zilikuwa kati ya saa kumi na moja na nusu alfajiri na saa moja kasoro asubuhi, sijanywa hata chai. Nilikaa nikaangalia lile daftari muda mrefu. Nilikuwa najiona nina roho mbaya ya kurithi kwetu, kumbe kuna saa moja na nusu ya siku ambayo nimeipanga vibaya na watu wa nyumba yangu ndio wanaolipia. Mwingine ataona saa yake ni jioni akitoka kwenye foleni, mwingine ni tarehe ishirini na kuendelea pesa ikiisha, mwingine ni kila akiongea na ndugu fulani kwenye simu. Ukishaijua hiyo saa usiilaani. Iandalie.

Hapa watu wa kiroho sana huwa hawanielewi lakini nitasema tu. Nenda 1 Wafalme 19, Eliya amechoka hadi anaomba afe, amelala chini ya mretemu, na malaika hakumkemea wala hakumfundisha kitu, alimgusa akamwambia inuka ule, akakuta mkate na maji, akala akalala tena, akaamshwa mara ya pili akala tena, ndipo akaenda safari ya siku arobaini mpaka Horebu. Mungu alimlisha mtumishi wake mara mbili na kumlaza kabla ya kuzungumza naye. Kwa hiyo ukinywa chai yako na kipande cha mhogo kabla ya kuamsha watoto usione unapoteza muda wa maombi. Mimi hiyo chai ndiyo naombea.

Maandalizi yangu ya usiku ni haya na ni madogo kabisa. Unifomu zinapigwa pasi jioni umeme ukiwepo na LUKU inaangaliwa kabla ya kulala siyo asubuhi, soksi zinakaa ndani ya viatu, madaftari yanaingia kwenye begi, maji ya moto yanakaa kwenye chupa, unga wa uji wa mama unapimwa kabisa kwenye bakuli. Simu inabaki sebuleni. Inachukua kama nusu saa, mwanzoni ilikuwa saa nzima kwa sababu watoto hawakuzoea, sasa mkubwa anasimamia. Na nikimaliza nataja jina la mtu mmoja tu ambaye najua kesho atanijaribu, naomba kwa ajili yake siyo kwa ajili ya uvumilivu wangu, naomba apate siku njema. Ni vigumu sana kumfokea saa kumi na mbili asubuhi mtu uliyemwombea heri saa nne usiku, wewe jaribu utaona.

Saa yenyewe ikifika

Pamoja na maandalizi yote ile saa itafika tu, na hapo mwili ndio unaanza kuliko moyo. Kaa chini. Hicho ndicho kitu cha kwanza, kaa, kwenye kigoda, kwenye ndoo iliyofunikwa, kitandani, popote, maana mtu aliyesimama juu ya mwenzake sauti yake inapanda yenyewe. Ukiongea na mtoto shuka macho yenu yalingane. Halafu shusha sauti kuliko ya mwenzako, siyo kunyamaza kwa kununa, kushusha, ile Mithali 15:1 kwamba jawabu la upole hugeuza hasira mimi naichukua kama ilivyo, jawabu, yaani unajibu kweli ila kwa upole. Kununa siku tatu siyo uvumilivu wapendwa. Kununa ni kupiga kwa mkono mwingine.

Acha mwenzako amalize sentensi. Yakobo anasema mtu awe mwepesi wa kusikia, na ukweli ni kwamba wengi wetu tunasikia nusu tu, nusu nyingine tunatunga jibu.

Ngoja nikwambie ya kumlisha mama, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza uvumilivu kwa mikono, na kama unauguza mtu wa kiharusi utaokoa na maisha yake pia. Nesi alituonyesha. Mgonjwa anakaa wima kabisa, hajalazwa nusu, mito mgongoni, kidevu kimeshuka kidogo asiangalie juu. Wewe unakaa mbele yake, siyo umesimama pembeni. Kijiko ni kidogo cha chai siyo kile cha wali. Unaweka chakula upande wa mdomo wenye nguvu, kisha unasubiri, unaangalia koo lake mpaka uone limepanda na kushuka, ndipo unaleta kijiko kingine. Mara kwa mara unaangalia shavu lile lililolegea maana chakula hujificha mle na yeye hahisi. Uji mwepesi sana na maji vinampalia kirahisi kuliko uji mzito, kwa hiyo uliza kliniki wakwambie uzito gani unamfaa. Akikohoa kila akinywa, au sauti ikawa kama ina maji ndani, acha kumlisha na urudi hospitali. Akimaliza asilale, akae wima kama nusu saa.

Sasa angalia, ile asubuhi niliyomfokea nilikuwa nimesimama, kijiko kikubwa, mama ameegemea nusu, naleta kijiko cha pili koo halijashuka. Uji ulikuwa unarudi kwa sababu ya haraka yangu, siyo kwa sababu ya ukaidi wake. Nimegundua mambo mengi ya watu yako hivyo, tunamlaumu mtu kwa kurudisha tulichomlisha haraka kuliko anavyoweza kumeza. Mtoto anayesoma polepole, mume aliyefukuzwa kazi na bado hajataka kuongea, muumini mpya ambaye tunataka ndani ya mwezi mmoja awe ameacha kila kitu. Subiri koo lishuke.

Anza na wale wasioweza kukujibu

Kama unataka kujua upole wako uko kiwango gani usijipime kwa mchungaji wala kwa mteja mkubwa, jipime kwa dada wa kazi, kwa konda aliyekosea chenji ya mia mbili, kwa mlinzi, kwa bibi asiyesikia vizuri anayekuuliza kitu kile kile mara ya nne. Hao ukiwakasirikia hakuna kitakachokupata, ndiyo maana tunawamalizia wao hasira za watu wengine.

Na utu wema kwa mfanyakazi wa nyumbani hauanzi na kumwita mwanangu, unaanza na mshahara wake tarehe ile ile mliyokubaliana, maana hata kwenye Walawi 19:13 Mungu anakataza ujira wa mtu kulala kwako mpaka asubuhi. Halafu ale chakula kile mnachokula nyinyi. Apate siku ya kupumzika na muda wa kwenda kanisani au msikitini kwake. Apige simu kwao. Ukishayatimiza hayo ndiyo umwite mwanangu, ataliamini hilo neno.

Kwenye kazi yangu ya ushonaji utu wema ulinigharimu zaidi kuliko nyumbani, kwa sababu sisi mafundi tuna neno letu la "njoo kesho". Mteja anakuja, kitambaa hata hakijakatwa, unamwambia njoo kesho, unatabasamu, unamkaribisha kiti, anaondoka anakuona una roho nzuri. Kesho anapanda daladala mbili kutoka mbali anakuta bado. Hiyo niliona ni upole, nikawa sipendi kumvunja mtu moyo. Lakini Yesu alisema maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo, na mimi nilikuwa na ndiyo tamu ya uongo. Sasa naandika tarehe kwenye karatasi naipini kwenye kitambaa mteja akiona, nikiona sitawahi nampigia simu siku moja kabla asipoteze nauli, na kama kazi zimejaa nasema mama hii siwezi, nenda kwa fundi wa pale. Wengine wamekasirika wameondoka. Ila anayekasirika leo kwa ukweli hajaumia kama yule anayefika siku ya harusi ya mdogo wake gauni halina zipu.

Simu nayo, kwa ufupi. Kwenye grupu la ukoo mambo ya michango yakichafuka usijibu usiku. Andika, acha, usitume, asubuhi soma tena. Kama kitu ni kizito piga simu umsikie mtu sauti yake. Na usimseme mtu kwenye grupu ambalo hayumo.

Hapa nataka unisikilize vizuri

Kuna dada zetu wanapigwa nyumbani, wakienda kuomba ushauri wanaambiwa vumilia, upendo huvumilia, ndoa ni msalaba. Hapana. Kuchukuliana kwa Waefeso 4:2 ni kuchukuliana, yaani mimi nakuchukua na wewe unanichukua, ni watu wawili wamebeba. Mmoja akipiga na mwingine akipigwa hapo hakuna anayemchukua mwenzake. Paulo huyu huyu aliyeandika upendo huvumilia, kule Filipi yeye na Sila walipopigwa hadharani bila hukumu na kesho yake wakubwa wakatuma watu wawaachie kimya kimya, alikataa, akasema waje wenyewe watutoe, ipo Matendo 16:37. Hakutukana, hakulipiza, ila hakukubali jambo lifichwe. Kwa hiyo kama unapigwa, au mtoto anaumizwa na mtu wa humo humo ndani, uvumilivu wako uko kwenye kutafuta msaada na kutokata tamaa. Kwa Tanzania nenda polisi uulizie Dawati la Jinsia na Watoto, na mambo ya mtoto kuna namba 116, ni bure kupiga. Na wewe uliyefuatwa kwa ushauri usimrudishe mtu kwenye kipigo kwa kutumia mstari wa Biblia, nakuomba sana kwa jina la Yesu.

Hata kwenye mikopo ni hivyo. Ndugu anayekukopa mara ya nne hajarudisha ya kwanza, unaweza kumkatalia kwa sauti ya upole kabisa na ukampa unga kilo mbili aende nao.

Ukianguka

Utaanguka, mimi bado naanguka. Msamaha uombwe mbele ya wale wale waliosikia. Nilimfokea dada wa kazi mbele ya watoto kwa ajili ya sufuria iliyoungua, jioni nikamwomba msamaha jikoni tukiwa wawili, nikaona moyo haujatulia, kwa sababu watoto walibaki wanajua kwamba dada anafokewa na ni sawa. Ikabidi mezani nirudie, nikasema "Leo nilimfokea dada, nilikosea, sufuria siyo sababu, dada naomba unisamehe." Nikaishia hapo bila lakini. Ukiweka lakini umefuta kila kitu, "nisamehe lakini na wewe uwe unaangalia moto" hiyo ni kumfokea mara ya pili kwa sauti ndogo. Mwanangu wa mwisho siku ya pili yake alimmwagia dada maji kwa bahati mbaya akasema nisamehe dada, bila kuambiwa na mtu.

Na aliyekukosea wewe, kama anaweza kukaa, mlishe kwanza. Petro alimkana Bwana akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, na baada ya ufufuko Yesu akamsubiri ufukweni kwenye moto wa makaa mwingine, samaki juu yake na mkate, na kabla ya kumuuliza chochote akawaambia wote njoni mfungue kinywa. Walipokwisha kula ndipo akamuuliza Petro wanipenda. Mwanangu mkubwa aliposema uongo kuhusu pesa ya masomo ya jioni nilikuwa nimejiandaa kumsubiri mlangoni, nikakumbuka hiyo, nikamkaangia mayai, akala, nikakaa, nikamuuliza. Alilia akasema yote, mpaka ambayo sikuyajua.

Mwisho chagua mtu mmoja, yule anayekuchosha kuliko wote, umpe mwaka. Kwenye Luka 13 mwenye shamba amekuja miaka mitatu hakuti tunda kwenye mtini anataka ukatwe, mtunza shamba anamwambia "uuache mwaka huu nao, hata niupalilie, niutilie samadi." Angalia, hakusema tuuache tu. Anaomba muda na anaomba kazi, atainama achimbe, ashike samadi kwa mikono. Kwa hiyo andika kwenye daftari lile lile jina la huyo mtu na samadi yako ni nini, kumtembelea mara moja kwa mwezi, kumsikiliza bila kumkatiza, kumfundisha upya kile asichojua, chochote kinachofanyika.

Mimi niliandika mama mkwe, na samadi yangu ilikuwa ni kwamba ajifunze kushika kikombe tena, kile cha plastiki chenye masikio mawili, kila asubuhi baada ya chai yangu. Miezi mingi kilikuwa kinaanguka. Leo asubuhi alikishika mikono yote miwili, wa kulia unatetemeka, nikaweka viganja vyangu chini yake bila kugusa, kikapanda taratibu hadi mdomoni, nusu akanywa nusu ikamwagikia kanga yangu. Akaniangalia.

Nikamwambia mama pole pole, upo mwingine, nikammiminia.